Zamu ya Mkiani

Bwana Kufuli alifungua lango la maji saa moja kamili asubuhi, si dakika moja kabla. Ndivyo alivyokuwa. Watu walisema hata mama yake mzazi angekuwa na povu la sabuni kichwani, zamu ikiisha angemfungia na kumwambia ajifute mpaka zamu ijayo. Ufunguo wa lango aliuvaa shingoni. Kufuli lenyewe alilitia mfukoni, na kwa uzito wake suruali ilikuwa imelala upande mmoja.

"Saa sita nafunga," alisema.

"Tunajua," alijibu mwanamke aliyesimama ukingoni mwa mfereji na jembe begani.

"Nakumbusha tu. Baadaye asinililie mtu."

Mpaka zamu iliyopita kila shamba lilipata maji kwa saa kumi. Mto ulipopungua, kamati ya maji ikabandika karatasi kwenye mlango wa ofisi: kila shamba kwa saa tano tu, na zamu kurudi baada ya siku kumi na tano. Mhuri chini, basi. Mwanamke huyo aliisoma karatasi ile mara tatu, kana kwamba mara ya tatu ingemhurumia, kisha akarudi nyumbani akajaza mchanga kwenye magunia kumi.

Majirani walimwita Bi Saa. Siku hizi alikuwa amejifunga mkononi saa kubwa ya mumewe, dereva wa lori aliyekuwa akija nyumbani kama mgeni, na shambani aliitazama saa kuliko alivyoyatazama mahindi. Wenye kucheka walicheka. Yeye hakuwa na nafasi ya kucheka.

Shamba lilikuwa jembamba na refu, hatua mia na sitini kutoka mfereji mpaka mwisho, na mitaro ishirini ikishuka katikati ya matuta. Nusu ya juu ilikuwa yake na mumewe. Nusu ya chini ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, aliyerudi kutoka kwenye ndoa na mabinti wawili na cherehani, baba yake mzazi akamkatia kipande huko mkiani. Mitaro ilikuwa ile ile. Maji yalianza kwa Bi Saa, na yaliyobaki ndiyo yaliyomfikia wifi.

Msimu huu hayakubaki. Zamu tatu mfululizo maji yaliishia juu, na sasa mahindi ya wifi yalikuwa yanatoa ndevu huku majani yamejikunja kwa kiu. Hindi linalotoa ndevu likikosa maji halifungi punje. Unavuna gunzi tupu. Akikosa na leo, wifi na mabinti zake hawana chakula cha mwaka. Hilo halikuhitaji kamati kulieleza.

Na Bi Saa alilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliyeyazuia maji yale alikuwa yeye.

Utaratibu wa kumwagilia ulikuwa wa tangu enzi za mababu. Mmoja anasimama juu kwenye midomo ya mitaro, mwingine mkiani. Mahindi yakishampita mtu kimo hawaonani, wanaitana. Maji yakigusa mwisho, wa mkiani anaita, "Yamefika!" na wa juu anaziba. Yakichelewa anaita, "Hayajafika!" Na kipimo cha shamba lililoshiba kilikuwa mguu: unakanyaga mtaro, ukizama mpaka kwenye kifundo, shamba limeshiba. Bi Saa alilelewa na kipimo hicho. Zamu zote tatu aliziba mitaro kwa udongo pale mpakani, maji yakasimama kwake mpaka mguu ukazama, na kutoka mkiani akasikia, "Hayajafika! Wifi, hayajafika!" Akanyamaza. Mara ya tatu alisikia sufuria ikigongwa kwa mwiko, ko, ko, ko, kama mtu anayefukuza ndege. Akanyamaza vilevile. Kisha, kabla ya zamu kwisha, alikuwa akivunja vizuizi vyake ili pasibaki ushahidi. Wifi alipokuja jioni na sauti imemkauka, alimwambia, "Upepo, wifi yangu. Unatoka huku juu, unakurudishia sauti yako. Sikusikia kitu."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini hata shibe yenyewe ilikuwa ya uongo. Siku tatu baada ya zamu ile, alipoona mahindi yake yanageuka manjano, alichimba shimo pale juu. Udongo ulikuwa umelowa kina cha mkono mzima, chini kabisa ya mizizi, na mbolea ilikuwa imeshuka na maji huko huko. Akaenda akachimba mkiani: unyevu wa kidole kimoja, halafu vumbi. Alikaa kando ya shimo lile la pili akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Maji aliyomwibia wifi hayakumnufaisha hata mwizi mwenyewe.

Siku ile ile ya sufuria alikuwa ameona kitu kingine. Katikati ya zamu Bwana Kufuli alifunga lango nusu saa ili atoe gogo lililokwama. Alipolifungua tena, maji yaliyokuwa yametumia saa nzima kufika mpakani yalifika kwa robo saa. Udongo mkavu wenye nyufa hunywa kama mlevi. Ukishalowa ukaachwa utulie, nyufa hufungana, sakafu ya mtaro inakuwa laini, na maji ya pili hayana pa kuzama, yanateleza kwenda mbele. Ndipo alipojifunga saa. Leo angeyapeleka kwa mikupuo: mitaro kumi ya kushoto kwa saa moja, aizibe kwa magunia, kumi ya kulia saa moja, aizibe, arudi kushoto. Kila upande upumzike wakati mwenzake anakunywa.

Hakuwa amemwambia wifi. Angeanzia wapi? Kueleza alivyoligundua jambo hilo kungemlazimu aeleze siku yote ilivyokwenda.

Saa mbili ilipotimia, maji ya kushoto yalikuwa yamefika mpakani. Bi Saa alianza kuyabeba magunia, moja moja, kutoka kwenye midomo ya kulia kwenda kwenye ya kushoto. La kumi lilipotua, upande wa kushoto ukawa kimya, na maji yakaingia kulia kwa vurugu. Alikuwa bado anahema wakati mahindi yalipopasuka katikati akatokea wifi, vumbi mpaka magotini.

"Umeyafunga?"

"Nimeyahamishia kulia. Yatarudi."

"Yatarudi! Maji nayo yana nauli ya kurudi?" Wifi alitupa jembe chini. "Nimesimama kule nasikia yanakuja, yanakuja, halafu kimya. Nikasema masikini, wifi yangu kaanguka. Kumbe wifi yangu kafunga!"

"Nisikilize. Udongo ukilowa ukaachwa kidogo..."

"Nikusikilize? Leo mimi ndiye wa kusikiliza?"

Akainama akashika gunia la kwanza, akavuta. Maji yakagawanyika, mengine yakakimbilia kushoto, na ya kulia yakalegea pale pale. Bi Saa aliweka mguu juu ya gunia. Wakabaki wameling'ang'ania, mmoja huku mmoja kule, maji yakiwapita katikati ya miguu, na mshale wa saa ukienda zake.

"Ukiyagawa hivi hayatafika mkiani mpaka Bwana Kufuli anarudi! Hayatafika kwangu wala kwako!"

"Kwako yameshafika," wifi alisema, na sasa hakupiga kelele. "Kwako yanafika kila siku."

Bi Saa aliondoa mguu. Aliogopa kwamba akichelewa kidogo tu woga ungemrudisha nyuma. Akaifungua saa mkononi.

"Shika. Kaa wewe huku juu, mimi naenda mkiani."

Wifi alimtazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Mshale mrefu ukifika juu kabisa, hamisha magunia yote kumi upande wa pili. Ukizunguka ukafika tena, hamisha tena. Saa ya mwisho igawe nusu kwa nusu. Usiyaache upande mmoja, hata roho ikikuuma namna gani. Nikiita, unafanya ninavyoita."

"Na nisipoyahamisha?"

"Basi usiyahamishe. Maji yako mkononi mwako."

Wifi aliifunga saa. Ilimpwaya, akaisukuma mpaka karibu na kiwiko. Kisha akalirudisha lile gunia mahali pake, taratibu, bila kumtazama mtu.

Miaka yote ya ndoa yake Bi Saa hakuwahi kusimama mkiani siku ya zamu. Alikuja kupalilia, alikuja kuchimba lile shimo la aibu, lakini kusimama na kungoja ni kitu kingine. Ardhi ilikuwa imepasuka nyufa za kuingia vidole. Majani ya mahindi yalisuguana kwa upepo yakatoa sauti kama ya maji, na kila mara aligeuka, na kila mara hayakuwa maji. Upepo ulitoka juu, kule kwenye mfereji, ukampiga usoni moja kwa moja na kumtia vumbi machoni. Mkononi palikuwa na alama nyeupe ya mkanda wa saa. Mara tatu aliitazama alama ile kutaka kujua ni saa ngapi.

Chini ya hindi la mwisho aliiona sufuria. Ilikuwa na mwiko ndani, na ubavuni ilikuwa imebonyea kwa kugongwa. Wifi alikuwa amekuja nayo leo tena.

Alikaa chini kando yake. Fikra ikamjia, baridi kama chuma: wifi ana kila sababu ya kumlipa. Angeweza kuyaacha maji yaende upande mmoja mpaka saa sita. Angeweza kuketi ukingoni akatazama saa ya watu, akasema baadaye, upepo, wifi yangu. Na yeye angesema nini? Amshitaki kwa nani?

Muda ulipita. Ni kiasi gani, hakujua. Halafu kwenye mtaro wa kwanza wa kushoto alisikia mlio mdogo, nyufa zikitoa pumzi, na sisimizi wakaanza kutoka mbio. Nyuma yao ulikuja ulimi wa maji, mweusi, wenye povu na majani makavu mbele. Mkupuo wa pili. Ulikuwa umeuvuka mpaka. Bi Saa alisimama. Maji yalikuja hatua hamsini kutoka kwake, arobaini, thelathini, katika mitaro yote kumi, hayalingani lakini yanakuja. Hatua ishirini hivi kabla hayajamfikia, yakapungua kasi, yakasinyaa, yakasimama.

Mtu mwingine angelia. Bi Saa alijifunika mdomo kwa mikono miwili, kwa furaha. Yamesimama! Maana yake kule juu wifi ameitazama saa, amebeba magunia kumi, amemwamini.

Na kulia ikawa vivyo hivyo: yakaja, yakavuka mpaka, yakasimama hatua ishirini pungufu. Sasa ilikuwa saa tano au karibu yake, na hofu ikabadilika sura. Ilibaki mikupuo miwili, nusu saa kila upande. Magunia ni mazito, na wifi ni fundi cherehani. Je, mikono yake ingehimili?

Wa kushoto ulikuja ukikimbia. Kweli ulikimbia, juu ya udongo uliokwisha lowa maji yalishuka kama mtu aliyeitwa, yakazimeza zile hatua ishirini huku Bi Saa akihesabu mitaro kwa kidole. Sita. Nane. Kumi. Yaligusa vidole vya miguu yake. Akavuta pumzi na kugeukia upepo. Ulikuwa mkali kuliko wa asubuhi, na alishainyooshea mkono ile sufuria.

"Yamefika! Kushoto yote yamefika!"

"Nimekusikia!" sauti ya wifi ilirudi papo hapo. "Nahamisha!"

Mkono wa Bi Saa ulibaki hewani, juu ya mwiko. Mara moja tu alikuwa ameita, tena upepo ukiwa wa kuja usoni kwake, na yule wa juu amesikia. Neno lile moja lilimchoma kuliko matusi yote ambayo angestahili.

Hakupata nafasi ya kulifikiri. Kulia maji yalikuwa yanashuka. Mitaro saba ilifika mwisho karibu kwa pamoja. Mitatu ya kandoni haikufika. Akakimbia kuitazama: maji yalikuwa yanakuja vizuri mpaka hatua kumi kutoka mwisho, kisha yanazunguka kama kwenye faneli na kupotea. Fuko alikuwa amechimba njia yake chini ya mitaro yote mitatu, na zamu ya wifi ilikuwa inaingia nyumbani kwa fuko.

Alivua kitambaa cha kichwa akakisokota na kukisukumiza kwenye shimo la kwanza. La pili alilijaza tope kwa mikono. La tatu hakuwa na kitu cha kulitilia, akasimama ndani yake kwa miguu yote miwili, akakandamiza.

"Saba imefika! Ziba saba! Mitatu ya kandoni bado, ipe maji yote!"

"Nimekusikia! Naziba saba kwa udongo!"

Upepo ule ule ulimletea kila neno la kule juu. Alisikia jembe na udongo ukitua, tuf, tuf. Alisikia hatua nzito kwenye ukingo, na sauti aliyoijua.

"Saa sita."

"Hiyo saa yako ina haraka, baba. Yangu inasema bado dakika tatu."

"Yangu ni ya kamati."

"Basi kamati ingoje nizibe mtaro mmoja tu! Mmoja!"

"Mama, mimi sigombani na mtu. Mimi nafunga lango."

Mnyororo ulilia. Lango lilishuka kwa kishindo kilichosikika mpaka mkiani. Yaliyobaki sasa ni yale yaliyokuwa mle mferejini, kiasi chake, na midomo mitatu iliyokuwa wazi. Alikaza miguu shimoni. Tope lilimfika kwenye vifundo, na lau si lile shimo la aibu angesema shamba limeshiba.

Maji yaliinuka kidogo nyuma ya miguu yake. Yakajaa, yakatafuta njia ya fuko, hayakuiona. Yakapita. Mtaro wa kwanza ukafika. Wa pili ukafika. Wa tatu ulijikokota, ukasimama kana kwamba unafikiri, ukanyoosha ulimi mwembamba usio na povu, ukagusa ukuta wa mwisho. Halafu hayakuja mengine.

Bi Saa hakuita. Alibaki amesimama shimoni mpaka aliposikia majani yakisukumwa, na wifi akatokea, mikono imechubuka, saa imemning'inia kiwikoni.

"Yote ishirini?"

"Yote ishirini."

Wifi alichuchumaa akatia kiganja kwenye tope, akakiacha humo. Mabega yake yalitikisika mara moja, yakatulia.

"Upepo wa leo..." Bi Saa alianza, hata hakujua anataka kusema nini.

"Unatoka juu," wifi alisema bila kuinua kichwa. "Tangu asubuhi. Umenipeperushia kilemba mpaka kwenye mfereji. Na nimekusikia kila neno."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bi Saa ilikuwa imefika mwisho, hatua kumi kutoka mwisho wa shamba, miguu ndani ya shimo la fuko. Angeweza bado kusema kwamba upepo hutofautiana. Alichoka kusema hivyo hata kabla hajafungua mdomo.

"Nilikuwa nakusikia," alisema. "Nilikuwa naziba mpakani ili yasimame kwangu. Na nilikuwa nakusikia."

Wifi aliinua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Mara ngapi?"

"Zote. Zote tatu."

"Na sufuria?"

"Na sufuria."

Wifi aliutoa mkono kwenye tope akaufuta kwenye nguo, upande mmoja, kisha wa pili, kwa uangalifu kama mtu anayenyoosha pindo. "Mimi nilidhani sauti yangu ndiyo mbovu," alisema. "Usiku nilikuwa nawaambia watoto, mama yenu hana sauti."

Bi Saa alilia, naye wifi akamwacha alie. Hakumshika bega wala hakumwambia nyamaza. Aliifungua saa, akaitazama, kisha badala ya kuirudisha akaisukuma tena mpaka karibu na kiwiko.

"Zamu ijayo unasimama huku."

"Nitasimama."

"Na ile nyingine."

"Na ile nyingine, wifi yangu."

Wifi aliinama akaokota sufuria iliyobonyea, akautia mwiko kwapani, akaanza kupanda katikati ya mitaro yenye maji.

"Na sufuria uje na yako," alisema. "Hii mimi naenda kuipikia."